Jumbe kuchakatwa mara mbili kila makontena ya huduma yanapozimwa: RabbitMQ, Spring na Kubernetes

mtunza_mifumo ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasimamia mifumo ya chama kimoja cha akiba na mikopo, na ninaomba mawazo ya wahandisi wanaoendesha huduma zinazosoma foleni za ujumbe zikiwa ndani ya makontena, yaani vifungashio vinavyoendesha kila programu peke yake. Kwa kadiri nilivyochunguza, tatizo letu halimo katika kanuni za michango wala mikopo, bali katika namna makontena yanavyowashwa na kuzimwa.

Mwanachama anapolipa mchango kwa simu, taarifa ya malipo hufika kwenye huduma yetu ya mapokezi, nayo huipeleka RabbitMQ, toleo la 3.13, ambayo ni broka, yaani programu inayopokea jumbe na kuzipanga foleni. Kutoka hapo huduma tatu hupata kila moja nakala yake: ya kwanza huandika mchango katika hifadhidata ya PostgreSQL, ya pili humtumia mwanachama meseji ya kumjulisha kwamba pesa yake imefika, na ya tatu huandaa hesabu za mwisho wa mwezi. Zote zimeandikwa kwa Java juu ya Spring Boot, mfumo wa kuundia huduma za Java, na kila moja ina makontena kadhaa chini ya Kubernetes, inayoyawasha na kuyazima. Kuchakata ujumbe mmoja huchukua milisekunde 200 hivi. Kila kontena huanza kwa hati fupi ya sheli inayosoma nywila kwanza, kisha inaiita Java.

Tunapoweka toleo jipya, baadhi ya jumbe huchakatwa mara mbili. Wanachama hupokea meseji mbili kwa malipo yaleyale, na imewahi kutokea mchango ukaandikwa mara mbili katika daftari la mwanachama, jambo ambalo mhasibu wetu hawezi kulivumilia, na ana haki. Makontena ya zamani huondoka yakiwa na msimbo wa kutoka 137. Zaidi ya hayo, mwisho wa mwezi marudio hujitokeza hata pasipo toleo jipya, katika siku ambazo Kubernetes huongeza makontena asubuhi na kuyapunguza jioni kulingana na mzigo. Na RabbitMQ ikielemewa, makontena yote ya huduma huanza upya kwa pamoja, hali ambayo huongeza kuelemewa kwenyewe.

Maswali yangu ni haya: kontena linalosoma foleni linapaswa kuzimwa vipi ili lisiache kazi nusu? Je, kuna namna ya kuongeza makontena bila kuvuruga mfuatano wa malipo ya mwanachama mmoja? Na kwa kuwa uongozi umeagiza RabbitMQ yenyewe ihamishiwe Kubernetes, ni mambo gani yanayopaswa kuangaliwa kabla ya hatua hiyo?

---

mhandisi_pwani amejibu:

Ndugu mtunza_mifumo, umelieleza tatizo vizuri kiasi kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya swali lako.

Kubernetes inapotaka kuliondoa kontena, hupeleka ishara ya SIGTERM kwa mchakato namba 1 ndani ya kontena hilo, kisha husubiri. Muda wa kusubiri usipobadilishwa ni sekunde 30. Muda ukiisha na mchakato bado uko hai, hupelekwa SIGKILL, ambayo hakuna programu inayoweza kuikataa wala kuisikia. Msimbo 137 ni 128 kujumlisha 9, na 9 ndiyo namba ya SIGKILL. Kontena lililokufa kwa SIGTERM lingeonyesha 143. Kwa hiyo makontena yako hayakuaga, yaliuawa. Kabla ya kwenda mbali, tazama maelezo ya podi (kifungu cha Kubernetes kinachobeba kontena) kwa `kubectl describe pod`, kwa kuwa kontena lililozidisha kumbukumbu nalo hutoka kwa 137, ila hapo sababu huandikwa OOMKilled. Ikiwa sababu hiyo haipo, basi mtuhumiwa wa kwanza ni hati yenu ya sheli.

Hati hiyo ndiyo mchakato namba 1, na Java ni mtoto wake. SIGTERM humfikia mzazi, naye haipitishi kwa mtoto, hivyo Java huendelea kuvuta jumbe kutoka foleni kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka sekunde 30 zitakapoisha na vyote vikatwe kwa mkupuo. Tiba yake ni neno moja: mstari wa mwisho wa hati uanze na `exec`, ili Java ichukue nafasi ya sheli na kuwa yenyewe mchakato namba 1. Hali kama hiyo inaweza kujitokeza hata pasipo hati, iwapo amri ya kuanzisha katika Dockerfile, faili la kutengenezea kontena, imeandikwa kama mstari wa kawaida badala ya orodha yenye mabano ya mraba, kwa sababu mstari wa kawaida hupitia sheli.

Hata hivyo, ishara ikishaanza kufika, marudio hayatakoma yote, na hapa ndipo wengi huachia njiani. Ndani ya kontena lako la Docker kuna kontena jingine, lile la Spring linalosikiliza foleni na kugawa jumbe kwa msimbo wako, nalo lina saa yake. Spring inapoambiwa izime, huiarifu RabbitMQ kwamba haitaki jumbe nyingine, kisha hujaribu kuzimaliza zile ilizokwisha kuzichukua mapema. Kiwango cha kuchukua mapema katika Spring AMQP, tangu toleo la 2.0, ni jumbe 250, na muda unaotolewa wa kuzimaliza ni sekunde 5. Sasa piga hesabu yako: jumbe 250 kwa milisekunde 200 kila mmoja ni sekunde 50. Sekunde 5 hazitoshi, na hata zile 30 za Kubernetes hazitoshi.

Muda wa Spring unapokwisha, njia ya mawasiliano na RabbitMQ hufungwa, na jumbe zote ambazo hazijathibitishwa, yaani ambazo RabbitMQ haijaambiwa kwamba zimemalizwa, hurudi kwenye foleni. Zile zilizokuwa zikingoja zamu hazina madhara, maana hakuna aliyezigusa. Kontena jingine litazichukua. Madhara yako kwa ule mmoja uliokuwa katikati ya kazi: muamala wa hifadhidata (maandishi yanayokubaliwa yote kwa pamoja au yasikubaliwe kabisa) unakamilika, lakini uthibitisho wa kwamba umekamilika hauna tena njia ya kurudi, na RabbitMQ, kwa haki kabisa, humpa mwingine ujumbe huohuo.

Ningepunguza kiwango cha kuchukua mapema hadi 10 kwa kipengele cha `spring.rabbitmq.listener.simple.prefetch`, ambapo kumaliza zilizobaki huchukua sekunde 2 tu, kisha ningeongeza muda wa kuzima wa kontena la Spring hadi sekunde 20. Matoleo ya karibuni ya Spring AMQP pia yana chaguo liitwalo `forceStop`, linaloagiza kwamba ujumbe ulio mkononi umalizwe na nyingine zote zirudishwe foleni palepale. Kwa huduma ambayo ujumbe mmoja huchukua muda mrefu, mimi hulipendelea. Muda wa Spring uwe daima mfupi kuliko `terminationGracePeriodSeconds` ya podi, ule muda wa Kubernetes wa kusubiri, la sivyo Kubernetes itakata kabla Spring haijamaliza.

Marudio ya jioni ya mwisho wa mwezi ni tatizo lilelile. Kubernetes inapopunguza makontena hutumia mlango uleule inaoutumia wakati wa toleo jipya: SIGTERM, kusubiri, SIGKILL. Kila jioni ya kupunguza mzigo ni sawa na kuweka toleo jipya bila kujua.

---

kazi_ya_klasta amejibu:

Ninakubaliana na mhandisi_pwani, nami ningeongeza kwamba wahandisi wengi huweka amri ya kusubiri, tuseme sekunde 15, katika hatua ya `preStop`, ili kontena lipate nafasi ya kutulia kabla ya SIGTERM. Kwetu imesaidia sana.

Jambo jingine ni vipimo vya afya, yaani maswali ambayo Kubernetes huyauliza makontena mara kwa mara ili kujua kama yako hai. Umesema makontena yote huanza upya RabbitMQ ikielemewa. Nina hakika kipimo chenu cha uhai kinaelekezwa `/actuator/health`, anwani ambayo Spring Boot hujumlisha humo hali ya RabbitMQ na ya hifadhidata pia. Broka ikichelewa kujibu, kipimo hushindwa, na usanidi wa kawaida wa Kubernetes huridhika na kushindwa mara 3 mfululizo, kwa nafasi ya sekunde 10, kabla ya kuliua kontena. Kwa kuwa makontena yote huiuliza broka ileile, yote hushindwa kwa wakati mmoja, huuawa kwa wakati mmoja, na hurudi kwa wakati mmoja yakifungua miunganisho mipya kwenye broka ambayo tayari ilikuwa hoi. Kipimo cha uhai kinapaswa kuuliza jambo moja tu: je, mchakato huu wenyewe umekwama kiasi kwamba kuuanzisha upya ndiyo dawa? Elekeza kipimo hicho `/actuator/health/liveness`, ambacho kwa kawaida hakigusi huduma za nje. Hali ya broka iangaliwe na mfumo wa ufuatiliaji na tahadhari, nao wamwamshe binadamu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi broka ielemewe. RabbitMQ ina kizingiti cha kumbukumbu ambacho katika matoleo ya 3 ni asilimia 40 ya kumbukumbu inayoiona, na kikivukwa huzuia watumaji wote mpaka nafasi ipatikane. Huduma yenu ya mapokezi itaonekana imeganda, ilhali wasomaji wa foleni wanaendelea. Mkiwaua wasomaji katika hali hiyo mnawaondoa haohao wanaoweza kuipunguzia broka mzigo.

---

mhandisi_pwani amejibu:

Ndugu kazi_ya_klasta, maelezo yako ya vipimo vya afya ni sahihi kabisa na ninayaunga mkono. Kuhusu kusubiri katika `preStop`, naomba tutofautiane kwa heshima. Kusubiri huko kuna maana kwa huduma inayopokea maombi ya wavuti, kwa sababu baada ya podi kutiwa alama ya kuondoka, vielekezi vya mtandao huendelea kwa muda mfupi kuipelekea maombi. Msomaji wa foleni haletewi kitu na vielekezi hivyo. Yeye ndiye aliyeshika muunganisho na broka. Akisubiri sekunde 15 kabla ya kusikia SIGTERM, basi kwa sekunde hizo 15 anaendelea kuchukua jumbe mpya, na muda huo unakatwa kutoka katika sekunde 30 zilezile za podi, maana hesabu ya Kubernetes huanza kabla ya `preStop`. Unabaki na sekunde 15 za kumalizia kazi badala ya 30. Kwa huduma ya mapokezi, iache. Kwa huduma tatu zinazosoma foleni, ningeiondoa.

---

kazi_ya_klasta amejibu:

Nimekuelewa, na hoja ina uzito: kwetu huduma zilizonufaika ni zile za wavuti. Mtunza_mifumo afuate tofauti hiyo.

---

hifadhidata_kwanza amejibu:

Wakuu, yote yaliyosemwa ni ya kufanyiwa kazi, ila ningependa tusimwache mwenzetu akiamini kwamba akirekebisha saa zote hizo mhasibu wake atalala usingizi. Seva inaweza kuzimika kwa kukatika umeme, mtandao kati ya kontena na broka unaweza kukatika kwa sekunde chache, na hakuna SIGTERM itakayotangulia. RabbitMQ yenye uthibitisho wa wapokeaji huahidi kwamba ujumbe utafika angalau mara moja, na haiahidi kwamba utafika mara moja tu. Ahadi ya pili lazima ijengwe na huduma yako, na mahali pake ni katika hifadhidata.

Kila malipo ya simu huja na namba yake ya kumbukumbu kutoka kwa mtandao wa malipo. Hiyo ndiyo iwe kitambulisho cha ujumbe, wala si namba mpya ya bahati nasibu inayotungwa na huduma ya mapokezi, kwa sababu huduma hiyo ikituma taarifa ileile mara mbili itatunga namba mbili tofauti na utakuwa umepoteza njia ya kujua kwamba ni malipo yaleyale. Tengeneza jedwali dogo la jumbe zilizokwisha kuchakatwa, namba ya kumbukumbu ikiwa na sharti la upekee, na uandike safu hiyo katika muamala uleule unaoandika mchango. PostgreSQL, tangu toleo la 9.5, hukuruhusu kuandika `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING`. Ikirudisha kwamba safu 0 zimeandikwa, unajua kazi hii imeshafanywa, unathibitisha ujumbe kwa broka na kuendelea. Muamala ukamilike kwanza, uthibitisho ufuate. Ukigeuza mpangilio huo, kontena likifa katikati utakuwa umemwambia broka kwamba pesa imeandikwa ilhali haijaandikwa, na hasara hiyo ni mbaya kuliko marudio kwa kuwa haionekani mpaka mwanachama mwenyewe aje kulalamika.

Nimeona watu wakitegemea alama ambayo RabbitMQ huuwekea ujumbe uliorudishwa, wakidhani ujumbe usio na alama hiyo ni mpya. Alama hiyo ni dokezo tu. Ikiwa huduma ya mapokezi imetuma ujumbe, uthibitisho wa broka ukapotea njiani, na ikautuma tena kama inavyopasa, nakala ya pili itafika bila alama yoyote. Nawe hakikisha huduma hiyo ya mapokezi inasubiri uthibitisho wa broka kabla ya kuujibu mtandao wa malipo kwamba imepokea. Uthibitisho wa watumaji huwashwa kwa makusudi, hauji wenyewe.

Meseji ni suala gumu zaidi, kwa kuwa meseji iliyotumwa hairudishwi nyuma kama muamala wa hifadhidata. Usiitume ndani ya muamala. Huduma ya meseji iandike kwanza safu yenye hali ya «inasubiri», ikamilishe muamala na kuthibitisha ujumbe. Kisha kazi nyingine ndogo isome safu hizo, itume, na kubadili hali kuwa «imetumwa». Bado kuna mwanya mdogo kati ya kutuma na kubadili hali. Ukiwa na mtoa huduma wa meseji anayekubali kitambulisho kutoka kwako na kukataa marudio yake, mwanya huo hufungwa pia. Asipokubali, nakushauri kwa dhati ukubali kwamba mara chache sana meseji itarudiwa, na nguvu yako uielekeze kwenye daftari la michango, kwa sababu meseji mbili ni usumbufu lakini michango miwili ni pesa ya mtu.

---

mtunza_mifumo amejibu:

Ninawashukuru sana. Nimeikagua hati ya kuanzisha na kweli haina `exec`, na kipimo cha uhai kinaelekezwa hasa pale aliposema ndugu kazi_ya_klasta. Jedwali la namba za kumbukumbu tutalianza mara moja.

Bado nina mashaka kuhusu mfuatano. Mwanachama anaweza kulipa mchango kisha, dakika chache baadaye, akaomba malipo hayo yabatilishwe. Tukiwa na makontena 4 yanayosoma foleni moja, ubatilishaji unaweza kuchakatwa kabla ya malipo yenyewe. Na lile la kuihamisha RabbitMQ halijaguswa.

---

nodi_tatu amejibu:

Nitajibu yote mawili, kwa kuwa yanahusiana zaidi ya inavyoonekana.

Foleni ya RabbitMQ hutunza mfuatano, lakini wasomaji 4 wakishachukua kila mmoja wake, mfuatano umevunjika. Tangu toleo la 3.8 foleni inaweza kutangazwa kuwa na msomaji mmoja tu aliye kazini kwa wakati mmoja. Makontena mengine hubaki yameunganishwa yakingoja, na aliye kazini akifa, mmoja wao huchukua nafasi. Hilo hulinda mfuatano ila hunyima faida ya kuongeza makontena. Suluhisho la kati ni kuigawa foleni kwa namba ya mwanachama: programu-jalizi ya `rabbitmq_consistent_hash_exchange` huchukua ufunguo unaoipa, hapa namba ya mwanachama, na kuhakikisha kwamba ufunguo mmoja huenda daima kwenye foleni ileile maadamu idadi ya foleni haibadiliki. Weka foleni 8, kila moja ikiwa na msomaji mmoja kazini. Jumbe za mwanachama mmoja hufuatana, na wanachama tofauti huchakatwa sambamba. Chagua idadi ya foleni kwa kuangalia mbele, maana kuiongeza baadaye huhamisha baadhi ya wanachama kwenda foleni nyingine, na katika dakika za kuhama mfuatano wao hauna ulinzi.

Hata hivyo, ushauri wangu wa kwanza ungekuwa huduma ya michango iweze kuukubali ubatilishaji uliotangulia: iuandike kama unaosubiri malipo yake, na malipo yakifika vikutanishwe. Hata foleni 8 hazitakulinda na ujumbe uliorudishwa baada ya wenzake kupita.

Sasa kuhusu kuihamisha RabbitMQ. Makontena ya huduma zako hayana kumbukumbu ya kudumu. Likifa moja, jingine huchukua nafasi na hakuna aliyejua tofauti. Broka ni kinyume chake kabisa. Jina la nodi ya RabbitMQ, yaani nakala moja ya broka inayoendeshwa, hutokana na jina la mashine, kwa mtindo wa `rabbit@jina`, na saraka yake ya data huitwa kwa jina hilohilo. Kontena likizaliwa upya na jina jipya la bahati nasibu, litakuta diski ileile lakini litatafuta saraka isiyokuwapo, na litaanza likiwa tupu kana kwamba foleni hazijawahi kuwapo. Ndiyo maana broka huendeshwa kwa StatefulSet, inayolinda jina na diski ya kila nodi, na wala si kwa Deployment kama huduma zako. Kuna opereta rasmi wa RabbitMQ kwa ajili ya Kubernetes, programu inayoisimamia broka kwa niaba yako, na ningekusihi umtumie badala ya kuandika usanidi wako tangu mwanzo.

Angalia jambo moja ambalo waandishi wa opereta huyo walilichagua. Huduma ya kawaida hupewa sekunde 30 za kuaga. Opereta huipa nodi ya RabbitMQ sekunde 604,800, yaani wiki nzima. Kabla ya nodi kuzimwa, hatua ya `preStop` huuliza iwapo foleni zilizo juu yake zitabaki na nodi za kutosha kufanya uamuzi, na hungoja mpaka jibu liwe ndiyo. Msimamizi asiyejua hilo huona nodi inakawia kuzimika, hukosa subira, na huizima kwa nguvu. Nodi inayokawia inalinda data yako. Tafuta kwanza ni nodi gani nyingine iliyo chini.

Anza na nodi 3, na foleni zote za pesa ziwe foleni za akidi, aina iliyoingia katika toleo la 3.8, ambayo nakala zake kwenye nodi kadhaa huafikiana kwa wingi wa kura, kwa kanuni ya Raft. Nodi 3 huvumilia kupotea kwa 1, na nodi 5 kwa 2. Nodi 4 hazikuongezei uvumilivu wowote zaidi ya 3. Ikiwa sasa mnatumia foleni za zamani za kunakiliana, zilizoitwa za vioo, fahamu kwamba ziliondolewa kabisa katika toleo la 4.0 lililotoka 2024, kwa hiyo uhamaji huu ndio wakati wa kuziacha. Foleni za akidi huandika kwenye diski kwa wingi, na diski ya mtandao iliyo nzito itakuonyesha uzito wake siku ya mishahara. Zigawe nodi hizo 3 kwenye seva 3 tofauti za klasta. Nikikuta broka tatu zimelala juu ya seva moja, nahesabu kwamba kuna broka moja.

Toleo la 4.0 limebadili pia jambo linalokuhusu moja kwa moja. Foleni ya akidi sasa ina kikomo cha kurudishwa kwa ujumbe, ambacho kisipobadilishwa ni mara 20. Ujumbe ukivuka kikomo hicho hupelekwa kwenye foleni ya jumbe zilizoshindikana, ikiwa umeisanidi, usipoisanidi, hutupwa. Fikiria makontena yako yanayokufa na kufufuka kwa sababu ya kipimo kibaya cha uhai: kila kufa hurudisha ujumbe, na ujumbe wa malipo ya mtu unaweza kufika 20 katika usiku mmoja. Kwa hiyo foleni ya zilizoshindikana iwepo kabla ya kuhama, na awepo mtu ambaye kazi yake ni kuifungua kila asubuhi.

---

hifadhidata_kwanza amejibu:

Hilo la kikomo cha mara 20 ni muhimu sana, na ningeliambatanisha na huduma yako ya tatu, ile ya hesabu za mwisho wa mwezi. RabbitMQ humpa msomaji dakika 30 za kuthibitisha ujumbe aliouchukua; zikipita, njia hufungwa na ujumbe hurudi. Ikiwa ujumbe mmoja huanzisha hesabu inayochukua saa nzima, utarudishwa, utaanza upya, utarudishwa tena, mpaka kikomo kiutupe. Usiongeze muda huo ili kuficha tatizo. Huduma iandike katika hifadhidata kwamba hesabu ya mwezi fulani imeombwa, ithibitishe ujumbe mara moja, na hesabu yenyewe ifanywe kama kazi ya pembeni.

---

kazi_ya_klasta amejibu:

Nami niongeze la kumbukumbu, kwa kuwa ukishaweka `exec` huenda bado ukaona 137 nyingine. Java ya kisasa hutambua kikomo cha kumbukumbu cha kontena, na isipoambiwa vinginevyo hujitengea robo yake kwa ajili ya eneo la vitu (heap), mahali programu huweka data yake. Watu huona robo ni kidogo na kupandisha `MaxRAMPercentage` hadi 90, wakisahau kwamba nyuzi, madarasa yaliyopakiwa na vihifadhi vya mtandao vyote hukaa nje ya eneo hilo. Asilimia 60 hadi 70 ni pa kuanzia, kisha upime. Kiwango kidogo cha kuchukua mapema alichokushauri mhandisi_pwani kitasaidia hapa pia, maana jumbe 250 zinazongoja zamu hukaa ndani ya kumbukumbu hiyohiyo.

---

mtunza_mifumo amejibu:

Je, kuna njia ya kujaribu yote haya kabla ya mwisho wa mwezi, ili nimpelekee mhasibu ushahidi badala ya ahadi?

---

mhandisi_pwani amejibu:

Ipo. Katika mazingira ya majaribio, tuma taarifa za malipo za kubuni mfululizo, kila moja na namba yake ya kumbukumbu, na uhifadhi orodha ya namba hizo nje ya mfumo. Wakati jumbe zinapita, ondoa podi za huduma kwa njia ya kawaida, kisha ondoa nyingine kwa `kubectl delete pod --grace-period=0 --force`, kisha ikate broka yenyewe kwenye mtandao na kuirudisha. Foleni zikishakuwa tupu, linganisha orodha yako na jedwali la michango. Kila namba iwepo, na kila namba iwepo mara moja. Jaribio la kuondoa kwa kawaida linapima saa na ishara. Jaribio la kuondoa kwa nguvu linapima jedwali la ndugu hifadhidata_kwanza. Mhasibu mpe matokeo ya lile la pili, na umruhusu achague mwenyewe ni podi ipi ikatwe na wakati gani.